Uvungu wa Rafu

Ozoemena, funga mlango nusu.
Leo hatuuzi mpaka nimalize kusema,
na mimi, unanijua, si msemaji
ila bei ikishuka.

Ulikuja una miaka kumi na mitatu,
kaptula ya shule, mkeka kwapani,
mama yako mlangoni akigeuza uso
asinione nikimwona.
Hatukuandikiana kitu. Kola ilivunjwa,
mjomba wako akasema, "Saba,"
nami nikasema, "Saba,"
neno likakaa mezani kama jiwe la mizani.

Mwaka wa kwanza ulifagia, ulifua mashati yangu,
ulimbembeleza Olaedo mpaka akalala begani kwako.
Wa pili ukazijua beringi gizani,
kwa ncha ya kidole,
kama kipofu anavyosoma uso.
Wa tatu ulimfungia mteja wa Benin gasketi siyo,
ukalia nyuma ya mapipa ya oili.
Nilikuona. Nikapita.
Mchana tulikula gari,
lile la muhogo, la kulowekwa, si la magurudumu,
na kwa siku nyingi, katika Nnewi hii yote ya vipuri,
ndilo gari pekee tulilolimiliki.

Sasa sikiliza nisilowahi kukuambia.

Mimi pia nilikuwa kijana wa mtu,
Onitsha, kwa tajiri mmoja, Akubueze.
Miaka sita na miezi kumi na mmoja.
Nilikwisha chagua rangi ya kibao changu.
Asubuhi moja katoni ya ringi za pistoni haikuonekana,
naye akanitazama
kama mtu anayerudia kuhesabu.
Sikupigwa. Ningependa kusema nilipigwa.
Nilipewa nauli.

Baada ya miaka tisa walipanua barabara,
matingatinga yakang'oa safu ile yote ya maduka,
na rafu ilipoinuliwa, nikaambiwa,
katoni ilikuwa palepale chini,
kamba haijafunguliwa,
panya wamezalia juu yake.
Cha uvunguni chataka mtu wa kuinama.
Akubueze alikuwa na goti bovu.
Mimi magoti yangu yalikuwa mazima,
na sikufikiri.
Hilo ndilo linaloniamsha usiku,
si yeye.

Mwezi uliopita daftari lilikataa kulingana.
Elfu sitini. Wewe ulikuwa umetoka kupeleka mzigo.
Nilikaa kwenye kiti hiki na ile sauti ya zamani kinywani,
iko tayari, ina ladha ya chuma.
Chakula kikaletwa, nikakiacha kipoe.
Kisha nikapiga magoti na tochi,
mtu mzima na tumbo langu kwenye saruji,
nikapekua rafu hii, na hii, na ile.
Sikuona pesa. Niliona kofia ya utotoni ya Olaedo,
nati kumi na moja,
na barua ya mama yako ambayo hukuwahi kuijibu.
Iko kwenye droo. Ijibu.
Kosa la hesabu lilikuwa langu:
saba yenye mkia mfupi, nikaisoma moja.

Basi shika. Ufunguo wa duka la ng'ambo,
kodi ya miaka miwili,
na mali kwa orodha uliyoiandika mwenyewe
ukidhani ni ya mteja.
Mjomba wako yuko njiani. Kola itavunjwa tena,
watu watapiga makofi, nitatoa hotuba
yenye uongo kidogo.
Ya kweli ndiyo hii.

Kesho wateja wangu watavuka njia waje kwako,
na wengine hawatarudi.
Mke wangu ameshaipiga hesabu hiyo,
akanuna siku mbili,
kisha akakushonea pazia.
Nikiishiwa beringi nitamtuma mtoto mbio kwako.
Nitoze bei ya soko.
Ukinipunguzia nitajua nimezeeka.

Na siku utakayopokea kijana wako
(atakuja na mkeka, atafunga gasketi siyo)
kabla hujanunua kiti cha kuzunguka,
kabla ya kibao,
nunua tochi.