Peremende ya Tatu

Mahubiri yetu yana vichwa vitatu,
na mama huyapima kwa peremende:
ya kwanza mchungaji akishasoma andiko,
ya pili akitamka "kwa hiyo,"
ya tatu akianza kuikaribia jehanamu.
Hupita mkono kwa mkono katika benchi letu,
kwa mama, kwangu, kwa wanangu watano,
bila mtu kugeuza shingo.

Baba hukaa mbele na wazee wa kanisa,
suti nyeusi, kisogo kimenyooka.
Zaburi tunaiimba polepole,
kila silabi twaivuta
kama ng'ombe asiyetaka kuvuka mfereji.
Utotoni Wouter alininong'oneza: Mungu naye anapiga miayo.
Akachapwa kwa hilo.
Mimi niliyecheka sikuchapwa.

Sasa Wouter anaishi Rotterdam
na Marloes, bila pete, bila cheti,
na wana mtoto ambaye maji ya ubatizo hayajamgusa.
Nyumbani jina lake halikukatazwa.
Halitajwi tu.
Mama amelikunja pamoja na vitambaa vya meza
akaliweka chini kabisa ya kabati.

Jumapili iliyopita, kati ya ibada ya asubuhi na ya jioni,
supu ya jana ikipashwa moto,
tukasikia hodi mlango wa nyuma.
Wouter, ameloa hadi mbavuni,
Fenna wa miaka mitatu ndani ya koti lake
kama paka wa kuokotwa.

Hakuna aliyeuliza amekujaje.
Siku ya Bwana gari haliwashwi kijijini kwetu,
hata baiskeli hulala.
Baba ndiye aliyetazama viatu:
tope la kijivu, lile la kando ya tuta,
pale penye pampu ya zamani,
kilomita tatu kutoka hapa.
Gari ameliacha huko,
akatembea mvuani na mtoto
ili jirani asipate la kumwambia baba.

Mimi niliyebaki,
mimi wa sketi hadi vifundoni,
niliyezaa ndani ya ndoa na kunyamaza ndani ya ndoa,
sijawahi kumheshimu baba kwa kilomita tatu za mvua.
Nayasema hapa. Mezani sikuyasema.

Baba akafumba macho, akaombea chakula.
Alipofika mahali pa kuwataja watoto
akasita.
Saa ya ukutani ikahesabu. Supu ikapoa.
"Na hawa," akasema, "wote walio chini ya paa hili."
Sakafu haikupasuka.

Usidhani alibadilika.
Baada ya kula alisoma sura yake,
akafunga Biblia, akamwambia macho kwa macho:
"Unavyoishi ni dhambi, Wouter,
na sitaipa jina jingine."
"Najua, baba," akasema Wouter. "Soksi zangu zimekauka?"
Mama akaenda kuzigusa juu ya hita.
Bado kidogo, akasema. Kaeni kidogo.

Jioni, kanisani, peremende ya kwanza ikapita.
Ya pili ikapita.
Jehanamu ilipokaribia, mama akatia mkono mkobani,
akapekua,
akautoa mtupu.

Hapo nikaikumbuka ile kona ya mlangoni:
mkoba wa mama kwenye ndoano,
baba ameinama, magoti yakimlia,
na pumzi ya Fenna, alipokuja kuniaga,
ikinukia mnanaa.

Wanangu wakanitazama.
Kisogo cha baba, kule mbele, hakikutikisika.
Jehanamu tukaisikiliza na midomo mitupu.