Daftari la Gramu

Sikuandika majina. Hawakuwa nayo.
Walifika na plasta kifundoni, wino umelowa:
Mtoto wa Apondi. Mtoto wa Jemutai.
Mtoto wa Khavere, pacha wa pili.
Nami nikaandika gramu,
safu kwa safu, kwa penseli,
maana uzito wa kichanga hubadilika usiku mmoja
na kalamu haijui kurudi nyuma.

Miaka thelathini na mmoja, Kisumu,
wodi ya mwisho wa ukumbi, ubavuni mwa jenereta,
ambako mvua ya ziwa haibishi hodi,
hummwagia bati shehena ya kokoto,
stima ikazimika,
na sisi sote, wauguzi, wanagenzi, mfagiaji,
tukanyamaza tukihesabu
sekunde ngapi hadi jenereta ikohoe.
Kumi na moja, zikiwa za heri.
Usiku mmoja zilikuwa dakika arobaini.

Usiku huo nilipuliza kwa mkono
mfuko wa hewa usiozidi chungwa,
bana, achia,
bana, achia,
Sista Roselida ameuma simu yenye tochi
ili mikono yake miwili ibaki na watoto wawili.
Alfajiri niliandika gramu za hao wawili.
Wa tatu nilimchorea mstari.
Mistari ninayo pia. Sitaki mtu anihesabie.

Walisema nina mkono mwepesi.
Si kweli. Nina mkono uliojifunza kuogopa.
Mshipa wa kichanga ni uzi wa buibui chini ya ngozi;
ukijigamba, umeupasua.

Acha nimtaje Ambetsa, mkata miwa wa Chemelil.
Mkewe hakutoka chumba cha upasuaji.
Mtoto, gramu mia tisa na arobaini.
Vitanda vya joto vyote vina wenyewe,
viwili vibovu tangu Krismasi.
Nikamwambia: vua shati.
Akanitazama kana kwamba nimemtukana msibani.
"Daktari, kwetu mwanamume hafungwi mtoto kifuani."
Nikasema: kwenu ni wapi, hapa au kaburini?
Neno baya. Nililijutia lingali mdomoni.
Akavua.

Kifua kina masizi ya miwa iliyochomwa,
kovu la panga chini ya titi la kushoto.
Tulimfunga mtoto kwa leso ya marehemu,
maandishi yamepauka, zimebaki herufi chache:
USINISE—
Siku ishirini na sita kwenye kiti cha plastiki.
Hakuinama. Hakukohoa kwa nguvu.
Alilala ameketi, kama bawabu wa benki.
Alimweleza mtoto bei ya miwa kwa tani,
tabia za ng'ombe wao mmoja mmoja,
na penalti ambayo mwamuzi aliinyima timu ya kiwanda.
Mtoto akapumua kwa kufuata kifua kile,
na aliposahau kupumua (husahau, wadogo hao)
kifua kilimkumbusha.
Walitoka na gramu elfu moja mia sita na ishirini.
Hizo niliziandika kwa kalamu.

Watu hutaka nimalizie kwa kijana mrefu
anayenisimamisha soko la Kibuye:
"Daktari, ni mimi."
Hajatokea. Labda yupo.
Labda ndiye aliyenipimia nyanya juzi
akanipunja, nami nikajua,
maana mikono hii imestaafu vibaya:
nikishika mkate, inasema mia nne;
nikishika paka wa jirani, inasema huyu
angeenda nyumbani leo.

Ngurumo zikianzia huko Nandi
nashtuka kitandani, nyumba giza, stima imekwenda.
Nahesabu.
Hapa kwangu hakuna jenereta, najua hivyo.
Saba. Nane. Tisa.
Kumi na moja inapita.
Naendelea.