Niharibie Kidogo

Miaka thelathini na moja nimefukuza mkwaruzo.
Redio za wakulima wa kahawa kutoka Budadiri,
spika za makanisa zilizomeza vumbi,
kinasa sauti cha marehemu fulani
ambaye binti yake alitaka tu kusikia anavyokohoa,
zote nimezipasua tumbo hapa mezani,
nikapuliza, nikatia tone la lehemu,
nikasema: haya, chukua, imetulia.

Ndipo akaja Khainza.
Anasuka nywele Namakwekwe, vidole vinanuka mafuta ya nazi,
mgongoni gitaa la nyuzi nne.
Mbili zilikatika, hakununua nyingine.
Nne, alisema, zinatosha hasira niliyo nayo.
Akatua amplifaya juu ya kazi za watu:
"Fundi, hii inasema vizuri mno. Niharibie kidogo."

Sikio langu la kushoto limechoka, nikamgeuzia la kulia.
"Niharibie. Iwe kama kinu cha posho
kikikwama na punje mbichi."

Sikumtoza. Nani ana bei ya kazi hiyo?
Nilikata waya mmoja, nikatoboa koni ya spika kwa sindano,
mkono ukitetemeka
kama wa mtu anayejifunza kuiba.

Jumamosi wakaniita nyuma ya kinu cha Woniala,
gunia la mwisho limeshafungwa.
Tulikuwa kumi na mmoja,
pamoja na askari, ambaye hakuondoka
kwa kuwa ndiye mwenye ufunguo.
Gidudu na besi yake ya mbao za kitanda.
Mutenyo na pipa la dizeli, sufuria ya shule,
na ngoma ya kadodi ambayo mjomba wake alimkataza kuigusa
mwaka usiogawanyika kwa mbili.
Mwaka ule haukugawanyika.

Sijui niseme walipiga nini.
Haukuwa wimbo, maana wimbo una mlango wa kutokea.
Khainza alisugua nyuzi kwa kitana cha chuma,
Gidudu akashika noti moja akakataa kuiachia
kama mtoto na titi,
na unga ulioganda darini tangu mavuno ya mwaka juzi
ukaanza kushuka. Taratibu.
Kope zetu zikawa nyeupe. Askari akawa babu.
Mtu mmoja akacheka, mwingine nikaona analia,
au ni unga.

Halafu umeme ukakatika.

Nawaambia, mimi huujua ukimya, ni kazi yangu,
lakini ule ulikuwa na shimo katikati:
ule mvumo mdogo wa nyaya,
mmmm,
niliouwinda kila kifaa tangu ujana,
haukuwapo, na nikaukosa
kama unavyokosa jino.

Nani alianza? Nadhani askari.
Mdomo umefumba, mmmm, palepale ulipokuwa mvumo,
wala si juu wala si chini.
Wa pili akadaka. Wa tatu.
Nikasikia koo langu nalo limo, bila kuniomba ruhusa.
Gizani, kumi na mmoja, tukiushikilia ule uchafu
usianguke.
Mutenyo akagusa kadodi kwa kucha tu.
Juu yetu Wanale ulikuwa mweusi, haukujibu kitu,
na sikuutazamia ujibu.

Umeme uliporudi amplifaya ilitoa moshi ikafa.
Kazi yangu mbaya, nilisema.
"Hapana, fundi," Khainza akajifuta unga, "ni nzuri. Jumamosi ijayo tena?"

Jumatatu mchungaji akaleta spika ya kanisa.
Ina mkwaruzo, waumini wanalalamika.
Niliuondoa, bila shaka. Nina ada za shule.
Ila sikuutupa.
Nimeuweka kwenye kopo la Kimbo chini ya meza,
pamoja na skrubu zisizo na kwao.