Kitabu cha Punda

Jina nimelisahau. Jalada nalikumbuka:
kijani, punda kakupa kisogo,
na doa la chai aliyoimwaga kaka yangu.

Double Road, Elirehema hakuinua macho.
"Punda? Hapa kuna hesabu za darasa la saba
na Biblia za zipu."
Akanitajia bei ya kalamu nisiyoiulizia.

Majengo, nyuma ya fundi cherehani,
rafu ni kreti za soda zilizolazwa ubavu.
Nilipekua mpaka vidole vikawa vya muuza mkaa.
Punda nilimpata, wa katuni, anacheka.
Siye.

Kiboriloni, siku ya soko, vitabu kwa kilo
kando ya viatu vilivyopoteza wenzi.
Mama wa karanga alikuwa akichana ukurasa wa tisini;
nikanunua karanga ili niusome.
Haukuwa wa kitabu changu, ila ulikatika pazuri:
*akafungua mlango, na*

Jua likaniandama hadi Pasua.
Sebuleni kwa Ndeshimuni kitabu hakiuzwi,
hukodishwa, mia mbili kwa usiku mmoja,
daftari la wadeni limefungwa kwa kamba ya katani.

"Kijani? Punda kakupa kisogo? Kina doa?"
Kifua kikagonga kama mlango wa bati.
"Kipo. Lakini hakipo.
Kiko kwa muuguzi wa zamu ya usiku, mpaka Alhamisi.
Halafu kijana wa gereji.
Halafu mwalimu Lyatuu, naye husoma polepole."

Akanisogezea daftari. Nikaandika jina, la nne,
kwa mwandiko wangu wa sherehe,
wala sikusema kilikuwa chetu.