Kovu la Mwiritsa

Jumatatu na Alhamisi tunaruhusiwa kuni,
kuni kavu tu, za kuokota, bila panga,
risiti ya askari imefungwa kwenye pindo la leso.
Wenzangu wakishika njia ya Isecheno
mimi hupinda kushoto, nikisingizia kiatu.

Nina mgonjwa wangu humu ndani.

Mwaka juzi, mwezi wa mvua ya mawe,
baba alizibwa mkojo siku mbili.
Akakaa kigodani ameuma ncha ya shati,
yeye aliyekuwa akifokea ng'ombe wakasikia wa ng'ambo,
sasa anahesabu pumzi kama mtu anayehesabu deni.
Daktari wa Shinyalu alitaja mpira, akataja Kakamega,
akataja pesa.
Usiku ule nikachukua kisu cha kukatia sukuma
nikaingia msituni bila risiti.

Giza la nyumbani ni kukosa taa.
La msitu lina mwili: linanuka uyoga,
linakupanda miguuni, nawe unaruka ukipiga siafu.
Juu, perere akalia,
mlango mbovu unaofunguliwa na mtu asiyeingia.
Nikapapasa magome, mti hadi mti,
hadi nikakuta lile gumu, lililopasuka kama tope la kiangazi.
Nikachanja, nikanusa:
uchungu wenye utamu nyuma yake.

"Usiuvishe mti mkanda wa kidonda,"
shangazi Khasiala alisema zamani, akichambua mrenda.
"Upande wa jua kuchomoza, kiganja kimoja. Basi."
Nilibandua viganja viwili.
Nalisema hapa kwa kuwa msitu unajua tayari.

Alikunywa, akakunja uso.
Asubuhi tukampeleka Kakamega vilevile, kwa pikipiki,
amebanwa katikati kama gunia la mahindi,
kwa hiyo sijui ni gome, sijui ni mpira.
Wiki ya pili akaniomba nimshike mkono hadi ukingoni mwa miti.
Akageuka. Nikatazama mbali.
Nikasikia mvua ya mtu mmoja
ikigonga majani makavu, ndefu, isiyo na haraka,
na baba akicheka peke yake.

Kesho yake, pale palipolowa, vipepeo:
wa samawati, wa manjano, weusi wenye madoa,
wamebanana kama watoto kwenye sufuria la uji,
wakinyonya chumvi ya baba yangu.

Alikufa Februari. Moyo, walisema.
Mti haukuambiwa.
Unaendelea kujifunga, midomo ya kovu imevimba,
inasogeleana kidogokidogo,
na mbega wanne wamekaa juu yake wakitafuna,
mikia imening'inia kama mashuka ya wodini.

Naweka mkono.
Mwaka jana: kiganja na nusu.
Leo: kiganja na vidole viwili.

Nafunga mzigo. Hautoshi hata kuchemshia maharagwe.
Wataniuliza nilikuwa wapi.
Kiatu, nitasema.