Dakika ya Hamsini na Mbili

Magazeti matatu, kikombe kimoja cha kahawa.
Nje, mvua ya Porto haina haraka na mtu.
Nasoma kwa miwani ya marehemu mke wangu;
yangu niliikalia jana, mle mle sinema,
taa zilipozimwa.

Wa kwanza kaipa nyota nne.
"Filamu ya upole," asema, "imemvua mchekeshaji kofia
ikatuonyesha upweke."
Abílio! Mtu aliyekuwa akioga mlango wazi
ili asikose wa kuzungumza naye.

Wa pili analia na kamera: inatikisika,
vinanda vimezidi, na yule mzee mwingine,
"Walter fulani", angeongezewa muda.
Ni Gualter, ndugu. Miaka thelathini na mmoja
nilikuwa shavu, yeye kofi.
Filamu nzima nimepewa sekunde kumi na moja,
nane kati ya hizo natafuta kiti.

Otília Pimenta hakutoa nyota hata moja.
Auliza: wake waliochekwa kila Jumamosi,
mbona hakuna aliyewauliza?
Hapo miwani ikaniwia nzito puani.
Wangu alikuwa akikaa safu ya tatu, akicheka,
kisha mwaka mmoja akaanza kubaki nyumbani
na nguo za kupiga pasi.
Sikumuuliza.

Lakini wote watatu wamekwama pamoja
dakika ya hamsini na mbili:
Benedita, mwenye filamu, anauliza, "Jukwaa unalitamani?"
Mzee anakodolea birika. Kimya.
Kisha mto Douro, kisha machozi ya wahakiki.
"Kimya cha zama nzima," kaandika wa nyota nne.

Nilikuwapo. Nilishika sahani ya biskuti nyuma ya taa.
Kile hakikuwa kimya, kilikuwa hesabu:
moja, mbili, na ya tatu ndipo akasema,
"Samahani binti, umeniuliza mimi au birika?"
Mshika maikrofoni alicheka hadi akaharibu sauti.
Ndiyo maana wakakata.

Saa nne simu inalia,
kutoka makao ya wazee ng'ambo ya mto.
"Gualter, wanasemaje?"
Nakunja magazeti. Nakohoa kidogo.
Moja.
Mbili.
Na kabla sijafungua mdomo
namsikia ameshaanza kucheka, mshenzi yule,
kwa mara ya kwanza mimi nikiwa kofi.