Plagi Nne

Wiki tatu nilimshuku Musembi,
mlinzi wetu pale Donholm,
kwamba usiku ananyonya tangi kwa mpira.
Jumatatu natia ya elfu mbili,
Jumatano mshale umelala.
Nikachora alama ya chaki kwenye kifuniko.
Chaki haikuguswa.

Barabara ya Kirinyaga, Wambugha akafungua boneti,
sikio kwanza, spana baadaye.
"Inakohoa. Moja haichomi."
Akazing'oa, akazipanga juu ya gazeti la jana:
nne, nyeusi kama meno ya mvuta kiko,
ncha zimelika, mwanya umepanuka
hata cheche ikiruka haifiki ng'ambo.
"Mafuta yako unayamwaga mwenyewe," akasema,
"kwa bomba la moshi, mabichi."

Mpya alizikaza kwa vidole,
kisha spana, robo mzunguko, basi.
Injini ikanguruma chini kwa chini.
Sikuamini, nikaizima, nikaiwasha tena.

Leo Ijumaa, mshale bado uko katikati.
Musembi anafungua geti,
saluti ni ileile.
Nashusha kioo.
Neno linapanda kooni, linakohoa,
haliwaki.